Naomba ushauri: wakulima wenzangu wanasema mazao funika hayaliwi wala hayauziki

BintiRhotia

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za mashamba.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima huku Rhotia, Karatu. Mashamba yetu mengi yako mteremkoni. Tunalima mahindi na maharage, baadhi wana mbaazi. Kila mwaka ikifika Aprili mvua inashuka na udongo wetu, na makorongo huko chini yanazidi kupanuka. Kuna jirani alipanda migrivea kwenye mpaka wake wa chini. Leo miwili kati ya hiyo iko ng'ambo ya pili ya korongo.

Kilimo hifadhi tumefundishwa: usigeuze udongo, acha mabua shambani, panda mazao ya kufunika ardhi. Kwenye semina kila mtu anaitikia. Msimu ukianza tunabaki watu wachache tu. Miaka ya nyuma mradi mmoja ulituletea bure mbegu ya mukuna, mmoja wa mimea hiyo ya kufunika ardhi. Ilistawi sana, ikafunika shamba lote, ikapanda mpaka kwenye mahindi. Ilipokauka akina mama wakauliza, hii tunaipikaje? Wakaambiwa hailiwi. Tunamuuzia nani? Kimya. Wengine waliisikia ni ndugu wa upupu wakakataza hata watoto kuikaribia. Mwaka uliofuata hakuna aliyeipanda.

Sitaki kumlazimisha mtu wala kumdanganya. Wengi wana eka moja au mbili na watoto wanasoma. Nikimwambia mtu udongo wake utapona taratibu kwa miaka kadhaa, ananitazama tu. Naomba kwa wale ambao kwao jambo hili limekubalika: mlianza na zao gani, na mliwaambia nini wenzenu?

MzeeWaNgwara (Arumeru)

Marahaba binti yangu. Mimi niko Arumeru, upande wa tambarare kavu, njia ya Monduli. Ngwara, jamii ya maharage inayotambaa, naipanda ndani ya mahindi tangu enzi za mashamba darasa ya mradi wa kilimo hifadhi wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), ule ulioanza 2004 kwetu na huko kwenu Karatu. Nitakuambia ninavyoona mimi.

Usianze na udongo. Mwenye eka moja na ada ya shule hawezi kupika udongo uliopona. Anza na sufuria, mfuko na zizi. Zao likiingia kimojawapo msimu huohuo, atalipanda mwenyewe bila semina, na udongo utapata haki yake humohumo. Mukuna ilikataliwa kwenu na wenzako walikuwa na haki kabisa. Inarutubisha, sibishi, na hiyo ya kupandwa haiwashi kama upupu wa porini. Lakini mbegu yake ina sumu inayomdhuru mtu isipoandaliwa kwa kazi ndefu, na mnunuzi hana habari nayo. Watu walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Aliyekosea ni aliyeleta zao bila kuuliza mtu atakula nini.

Ngwara (pwani wanaiita fiwi) ina yote matatu. Mbegu inaliwa. Majani ni chakula kizuri cha ng'ombe na mbuzi. Na Wakenya wanainunua. Kwao ni njahi, na kwa Wakikuyu ni chakula chenye heshima yake: mama aliyejifungua hupikiwa njahi, huiponda pamoja na ndizi. Soko hilo halikuletwa na mradi wowote, na mradi ukifungwa ofisi halifungwi. Wanunuzi wanaopeleka mzigo Namanga wanataka ile nyeusi yenye mstari mweupe. Ukiwapelekea mchanganyiko wa nyeusi na kahawia wanakata bei au wanapita. Kwa hiyo kikundi kizima kipande rangi moja. Hilo likubalini kabla ya jembe kugusa ardhi.

Kupanda: mahindi yawe mstari kwa mstari sentimita 75. Ngwara usiipande siku moja na mahindi, itayapanda na kuyavuta chini. Subiri palizi ya kwanza ipite, kama wiki tatu au nne baada ya mahindi kuota, ndipo uweke mstari mmoja wa ngwara katikati ya mistari miwili ya mahindi, shimo kwa shimo nusu mita, mbegu mbili mbili. Kilo tano au sita zinatosha eka. Mahindi yakiwa makubwa ngwara inakaa chini kivulini, haikui haraka, na watu watakuambia imedumaa. Waache waseme. Mahindi yakikauka na majani kuanguka, jua linaifikia, hapo ndipo inatambaa.

Sasa hapo ndipo faida yake kwa ardhi ilipo, na nataka uielewe vizuri maana ndiyo utakayoulizwa. Baada ya kuvuna mahindi, mashamba ya wengine yanakaa uchi mpaka mvua zirudi. Jua linachoma, upepo wa kiangazi unabeba vumbi, na tone la kwanza la mvua linapiga udongo mtupu. Shamba la ngwara kipindi hicho ni kijani. Mizizi yake inakwenda chini sana na kuchota unyevu ambao mahindi hayakuufikia, ikipita hata pale plau ilipokandamiza udongo ukawa tabaka gumu. Ukishavuna, majani na matambazi yanabaki kama matandazo. Magugu hayapati jua, ndiyo maana palizi ya msimu unaofuata inakuwa nyepesi. Akina mama ndio wanaoliona hili kwanza, kwa sababu palizi ni mgongo wao.

Mteremko wa Rhotia naufahamu. Mistari yote ikate mteremko. Na kwenye mwinuko mkali ngwara peke yake haitoshi, chimbeni fanya juu (mitaro inayokata mteremko, udongo wake ukitupwa upande wa juu) na mpande majani ya mifugo kwenye kingo. Mtu asikudanganye kwamba mmea utazuia korongo lililokwisha kufunguka.

Wadudu lazima niwaseme, maana ngwara ina shida hiyo na ukiificha watakulaumu. Ikitoa maua, viwavi wanatoboa maua na maganda machanga, na vidukari wanajaa kwenye ncha. Ukilala, utavuna majani tu. Muulizeni afisa ugani wenu dawa iliyosajiliwa, na mpulizie jioni, maana asubuhi maua yamejaa nyuki. Ghalani nako inabunguliwa haraka kuliko mahindi. Ikaushwe kabisa, iwekwe kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, au iuzwe mapema.

Kupika: loweka usiku kucha, chemsha, maji ya kwanza mwaga, weka mapya. Uchungu unaondoka. Kwenye makande ni tamu kuliko maharage, huo ni ushuhuda wangu na familia yangu.

Na jinsi ya kuwaambia wenzako: usiwaambie, waonyeshe. Ngwara ikiwa na maua, chimbua mche mmoja kwa jembe dogo, usiuvute ukakata mizizi. Suuza kwenye ndoo. Utaona vinundu vimeshikamana na mizizi, vingine vidogo kama punje za mtama. Mpe mkulima mwenyewe apasue kimoja kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu, pale mbolea inatengenezwa kutokana na hewa, bure. Pakiwa peupe au kijani, havifanyi kazi. Mtu akishapasua kwa ukucha wake anakwenda kuchimbua maharage yake kulinganisha. Jambo la pili, chukua makopo mawili ya sado, toa vitako, gongomea moja kwenye shamba la ngwara na jingine kwenye shamba lililolimwa kwa plau, mimina maji kiasi kilekile kwa wakati mmoja. Nyamaza. Wao ndio watakaohesabu.

Mkulima_Babati

Mzee ameeleza vizuri, naongeza tahadhari moja ya soko. Huku kwetu zao la namna hiyo ni mbaazi. Ukiipanda na mahindi inachelewa kukua, haishindani nayo, halafu inabaki shambani kiangazi. Inapukutisha majani mengi sana, mizizi inakwenda chini, na miti yake ni kuni. Hakuna aliyetufundisha kuipenda, tuliipenda kwa sababu ilikuwa inalipa.

Kisha Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje. Bei ikaanguka vibaya, wengine waliacha kuvuna kwa sababu kibarua alikuwa ghali kuliko mzigo. Msimu uliofuata nikaona watu wameng'oa mbaazi, wamerudi kwenye mahindi matupu, na ardhi ikarudi uchi. Soko limekuja kufunguka tena na siku hizi mbaazi zinapita stakabadhi ghalani (mzigo unakusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada), lakini somo lilikuwa kali. Sisi tulikuwa tunalima chakula tusichokila. Pwani mbaazi za nazi ni kifungua kinywa, huku kwetu nyumba nyingi zilikuwa hazijui hata kuzipika.

Kwa hiyo dada, fundisheni mapishi kabla ya soko. Mnunuzi asipokuja, gunia liishie jikoni na si kwenye moto.

MamaSiaya

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni mkulima Siaya, Kenya. Kwetu shida haikuwa korongo, ilikuwa kayongo, nyinyi nafikiri mwaita kiduha. Lile gugu la maua ya zambarau ambalo hunyonya mizizi ya mahindi. Unapanda, mahindi yanafika magotini, yanakuwa manjano, basi.

Watu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita walitufundisha kupanda desmodium, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi na mabingobingo (majani marefu ya mifugo) kuzunguka shamba. Desmodium hutoa harufu ambayo nondo wa funza wa mabua hataki, anakimbilia mabingobingo pembeni. Mizizi yake nayo hufanya mbegu ya kayongo ichipuke bila kupata mahindi ya kunyonya, inakufa. Na inafunika ardhi mwaka mzima kwa sababu haifi baada ya msimu, unaikata tu na inachipua.

Lakini niwaambie ukweli wa kilichonifanya nikae nayo. Ni ng'ombe. Nilipoanza kumkatia desmodium na kuchanganya na mabingobingo, maziwa yaliongezeka, na maziwa huuzwa kila asubuhi. Mahindi hungoja mavuno, maziwa hayangoji. Jirani zangu walio na ng'ombe wa maziwa walishika haraka. Wasio na ng'ombe wengi walijaribu wakaacha, na siwezi kuwalaumu, kwa sababu msimu wa kwanza desmodium ni kazi. Mbegu ni ndogo sana kama vumbi na bei yake si ya mchezo, na usipoipalilia kwa mkono ikiwa changa, nyasi zitaimeza. Mimi niliongeza shamba kwa kukata matambazi na kuyapanda mvua ikinyesha, sikununua mbegu tena.

Kwa hiyo dada, kabla hujawapa zao, tembea uangalie nyumba ina nini. Yenye ng'ombe ipe zao la ng'ombe. Yenye sufuria tu, ngwara ya Mzee.

Songea_Kwetu

Kwa faida ya wengine wanaosoma: huku Ruvuma tuna marejea, mmea wa kurutubisha udongo. Wazee wetu waliyajua kupitia kwa Wabenedikti wa Peramiho. Hayatambai, yanasimama wima, yanaota karibukaribu mpaka magugu yanakosa pumzi. Shamba lililochoka na kujaa magugu tunalipumzisha kwa marejea msimu mmoja, yakitoa maua tunayafyeka na kuyalaza. Udongo mwekundu unabadilika, unalimika. Ubaya wake ni huo msimu mmoja bila chakula, kwa hiyo yanamfaa mwenye shamba la ziada. Mwenye eka moja asipande eka nzima.

MamaSiaya

Marejea ni mitoo wetu! Sisi tunachuma majani tunapika kama mboga, kuna uchungu kidogo, tunatia maziwa. Kumbe nyinyi mnafyeka mboga, hebu jaribuni.

BintiRhotia

Nimesoma yote mara mbili, na jana jioni nilimsomea mwenyekiti wetu kwenye simu. Asanteni sana. Sasa yametokea mambo mawili ambayo wenzangu wameyauliza palepale.

La kwanza ni mifugo. Baada ya kuvuna mahindi kwetu kila shamba linakuwa malisho ya wote, ni desturi. Ng'ombe wa jirani akiona kijani mwezi wa tisa hakuna fimbo itakayomzuia. La pili, karibu nusu ya wanachama wanalima mashamba ya kukodi, mwaka kwa mwaka. Mmoja amesema waziwazi, "nirutubishe shamba la mtu halafu mwakani alikodishe kwa bei ya juu?" Sikuwa na jibu.

MzeeWaNgwara (Arumeru)

Maswali yenyewe hayo, binti yangu. Hapo ndipo kilimo hifadhi kinapofia sehemu nyingi.

Mifugo kwanza. Mtu mmoja akipanda ngwara katikati ya mashamba makavu, amepanda lishe ya kijiji. Sisi tuliopakana tulikubaliana kupanda pamoja, mashamba yaliyoshikana, ili eneo liwe moja na mlinzi awe mmoja. Kisha tukakaa na wenye mifugo. Hatukuwaendea na tishio. Tuliwaambia: mabua ya mashamba yale ya tambarare chukueni, sehemu hii ya mteremko tuachieni mpaka tuvune ngwara, tukimaliza tutawakatia majani mabichi mkawape ndama na wanaonyonyesha. Walikubali kwa sababu walipata kitu. Mwisho tukalipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, likaingizwa kwenye sheria ndogo pamoja na faini. Sheria bila yale mazungumzo ya kwanza ingekuwa ugomvi kila siku, na mtendaji hawezi kulala shambani kwako. Kumbuka na wenyewe wana haki: kiangazi ng'ombe lazima ale. Ukimfungia mlango mmoja mfungulie mwingine.

Mabua nayo usidai yote yabaki. Nimeona wataalamu wanamwambia mtu mwenye ng'ombe wawili aache kila bua shambani, wakati hana majani mengine. Nusu ikibaki pamoja na ngwara, ardhi imefunikwa ya kutosha.

Mashamba ya kukodi. Huyo mwanachama wako ana haki kusema hivyo na nampenda kwa kusema waziwazi. Usimwombe apande desmodium wala mti. Mpe ngwara, kwa sababu inalipa mwaka huohuo. Akinyang'anywa shamba mwakani, fedha ya ngwara keshaiweka mfukoni. Akitaka zaidi, mwenye shamba aitwe, wakubaliane misimu mitatu kwa maandishi mbele ya mtendaji, kodi isipande katikati. Wenye mashamba wengine wanakubali wakielezwa kwamba mpangaji anawarudishia ardhi yao ikiwa na rutuba kuliko alivyoikuta. Wengine hawakubali. Kwa hao panda kinacholipa, vuna, usijiumize moyo.

Mkulima_Babati

Naunga mkono. Na mwanzoni kila mtu apande robo eka tu, sehemu ile iliyochoka kabisa ambayo mahindi hayamlipi. Hapo hana cha kupoteza.

BintiRhotia

Tumekubaliana hivi: wanachama wanne wenye mashamba yanayopakana, juu ya njia ya kwenda shuleni ambako watu wengi wanapita, wapande robo eka kila mmoja, ngwara nyeusi pekee. Mwenyekiti ataongea na wenye mifugo kabla ya mavuno ya mahindi. Mbegu hatutagawa bure. Anayechukua kilo mbili atarudisha nne kwa kikundi akivuna, na hizo nne zinakwenda kwa wawili wengine.

Swali la mwisho Mzee wangu: mbegu tuinunue sokoni tu au kuna namna ya kuichagua?

MzeeWaNgwara (Arumeru)

Mpango mzuri sana huo. Kukopeshana mbegu ndiko kulikoifikisha ngwara kwenye vijiji ambavyo mradi haukufika.

Ya sokoni inafaa kuanzia, lakini nunueni kwa mkulima aliyevuna karibuni, msinunue kwa mchuuzi aliyechanganya mizigo ya watu kumi. Mimina kwenye ungo. Ondoa kahawia, zilizosinyaa, na kila yenye tundu hata dogo. Chukua 20 zilizobaki, zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, ziweke jikoni pasipo na moto wa moja kwa moja, nyunyiza maji kila siku. Baada ya wiki hesabu. Zikiota 16 na kuendelea, pandeni. Zikiwa 12 hivi, ongeza mbegu ya tatu kwenye kila shimo. Chini ya hapo rudisha mzigo kwa aliyekuuzia, upike kama hataki kuupokea.

Na mkivuna, mbegu ya mwaka unaofuata itolewe kwenye miche iliyofunga maganda mapema na bila kutobolewa. Mfunge kitambaa mche huo ukiwa bado shambani, kabla watoto hawajaanza kuvuna.